Gari Lililopita Kilio

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, nawajibu kwamba naulizia njia. Wanacheka, lakini ndivyo ilivyo. Mashirika yanayopeleka chakula, dawa na maturubai kwa watu waliokimbia mapigano hayawezi kuwasha magari asubuhi na kuondoka tu. Kwanza lazima mtu ajue nani yuko barabarani siku hiyo: askari, watu wa msituni wenye silaha, au wanakijiji wanaolinda kwao. Hapa Kamina, kwa miaka kadhaa sasa, mtu huyo ni mimi. Nina meza, simu mbili, daftari, na ramani ukutani ambayo maji ya mvua yameifuta upande wa ziwa Kisale.

Kazi hii nilijifunza nikiwa mdogo, kabla sijajua kwamba ni kazi. Baba yangu alikuwa mtu wa reli katika kituo cha Luena. Reli yetu ni ya njia moja, kwa hiyo treni haiondoki mpaka kituo cha mbele kijibu kwamba njia iko wazi. La sivyo, treni mbili zinaweza kukutana uso kwa uso. Baba alizungusha mkono wa simu, akauliza, kisha akangoja. Nilidhani anangoja jibu. Siku moja alinibandika simu sikioni nisikie mwenyewe: viatu vya mwenzake vikikanyaga kokoto kwenda nje kutazama, kimya kidogo, halafu viatu vikirudi. Jibu likija bila viatu, baba aliuliza upya.

Mimi pia nina mtu mmoja katika kila kijiji kwenye barabara ya kwenda Kinkondja. Katika kijiji ninachotaka kukieleza, mtu wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Rezo, yaani mtandao wa simu, kule inapatikana juu ya kichuguu tu, nyuma ya shule, kwa hiyo kila asubuhi kwa saa tuliyopatana mwalimu anapanda kichuguu. Namuuliza kama njia iko wazi. Anashuka, anatembea mpaka barabarani, anatazama pande zote mbili, anarudi, anapanda tena. Mimi nangoja. Wenzangu ofisini waliniona mtu wa kupoteza muda, lakini kungoja huko nilikuwa najivunia.

Nilikuwa pia nimeandika amri za safari. Mojawapo ilisema kwamba gari likishatoka kituo kimoja lisisimame mpaka kituo kinachofuata, vioo vikiwa juu, na vijijini lipite upesi. Haikuwa amri ya kubuni. Mwaka uliotangulia, shofere wetu mmoja, yaani dereva, alisimama kwa ajili ya mtu aliyempungia mkono njiani, naye na wenzake wakampiga, wakachukua gari. Alirudi Kamina kwa baiskeli ya watu, jicho limevimba. Niliandika amri ile wiki hiyohiyo, na mashofere waliifuata vizuri.

Basi, siku ya Jumatano, shofere mmoja alikuwa anarudi Kamina na gari tupu, akapita kijiji cha mwalimu. Alinipigia jioni kusema amefika salama. Niliandika "salama" daftarini.

Alhamisi alitoka tena, safari hii na muuguzi. Nyuma ya gari kulikuwa na sanduku la baridi lenye chanjo za surua. Kwenye kambi ya waliokimbia, karibu na ziwa, surua ilikuwa imeanza kushika watoto, na kila siku ilihesabika. Kwa asiyejua, nieleze kidogo. Barafu ya sanduku lile haidumu. Juu ya kila chupa ya chanjo kuna duara dogo lenye rangi, na ndani yake kiraba cheupe, yaani mraba mdogo. Joto likiingia, kiraba kinaanza kuwa cheusi pole pole. Kikifanana na duara lake, chanjo imekufa na inatupwa. Barafu yetu ilikuwa ya siku moja, na friji iliyokuwa ikifanya kazi ilikuwa kule mbele, ng'ambo ya kijiji cha mwalimu.

Asubuhi nilikuwa nimemuuliza mwalimu. Alishuka, akatazama, akarudi. Njia iko wazi. Karibu saa sita mchana shofere alinipigia kwa simu ya setilaiti, iliyounganishwa na antena juu ya gari.

"Mama, banafunga njia. Muti iko katikati."

"Nani?"

"Bantu ya kilio. Banasema jana nilibamwangia vumbi."

"Uko salama?"

"Niko ndani ya gari. Vioo iko juu, kama vile weye uliandika."

Aliniambia mwalimu amekuja mbio na yuko kando ya gari, nikamwomba ashushe kioo kidogo ampe simu. Nilimsikia mwalimu anahema.

"Mama, jana gari ilipita mbio saa ya kula. Vumbi yote iliingia mu bukari. Mpaka mu sahani ya mama mwenye kufiwa."

"Mwalimu, leo asubuhi uliniambia njia iko wazi."

"Ilikuwa wazi. Banaifunga kisha. Na weye uliniuliza njia, Mama, haukuniuliza bantu."

Alisema kweli, na bukari, yaani ugali wetu, ilikuwa imeingia vumbi kwa amri yangu. Kwetu, mtu wa baiskeli akifika mbele ya nyumba yenye kilio, yaani msiba, anashuka, anaisukuma mpaka apite. Mwenye gari anakwenda taratibu, na akiweza anaingia, anakaa na wafiwa kidogo. Nalijua hilo tangu utoto. Niliandika amri nzima bila kulikumbuka, nikiwa nimekaa katika mji ambao karibu kila wiki napita kilio nikishuka kwenye baiskeli yangu mwenyewe.

"Banataka nini?" nilimuuliza mwalimu.

"Hapana makuta, hapana feza. Banataka shofere ashuke akae nabo, kama muntu."

Kurudi Kamina kulikuwa ni kupoteza chanjo. Njia nyingine ilikuwepo, lakini asubuhi ileile kituo chake kilikuwa kimenijibu kwamba watu wenye bunduki wamelala kando yake. Nilimpigia mkuu wangu Lubumbashi, alikuwa mkutanoni. Nilipiga mara ya pili, nikaambiwa tena mkutanoni. Nikampigia shofere.

"Shuka. Weye na docta. Zima gari, muende mukae."

"Mama, sema tena."

Nilisema tena: washuke wote wawili, yeye na muuguzi, ambaye kwetu naye huitwa docta.

"Na Lubumbashi bakiuliza?"

"Ni minyi nilisema. Sasa simu iweke sauti ya inje, nizungumuze na mama ya kilio."

Nilisikia mlango wa gari, kuku, sauti za wanawake zikipungua. Nikampa pole mjane, yule mama wa sahani yenye vumbi. Nikamweleza kwamba shofere hana kosa, kwamba amri ya kutosimama niliiandika mimi.

Kisha sauti ya mwanamke mzima, kavu, bila haraka:

"Weye njo unaandikaka vumbi?"

Mtu mmoja alicheka kusikia kwamba mimi ndiye ninayeandika vumbi, akajizuia.

"Minyi njo, Mama."

"Kule Kamina? Ku meza?"

"Ku meza."

"Njo maana." Akaongeza: "Ambia shofere yako akule. Leo bukari haina muchanga."

Baada ya hapo simu ilikatika, kwa sababu bila antena ya gari simu ya setilaiti haifanyi kazi chini ya paa, na wao walikuwa wameingia kukaa. Yaliyofuata nilisimuliwa na muuguzi. Alilishusha sanduku mwenyewe, akaliweka kivulini, akalifunika kitambaa chenye maji. Walinawishwa mikono, wakapewa bukari na samaki. Ugumu ni kwamba aliyekaa kilioni hainuki tu na kuondoka. Wenye kilio ndio wanaomwachilia. Muuguzi hakutaka kusema habari za barafu mbele ya wafiwa. Shofere alikula mpaka akaombwa aongeze, akaongeza. Saa nzima ilipita, na zaidi. Mwishowe mjane alimtazama muuguzi.

"Docta iko naangalia saa kama bile anangoya train," alisema. "Muende. Na kurudi, mupite polepole."

Wanaume waliuondoa mti. Mwalimu alipanda kichuguu kunijulisha.

Mimi Kamina nilikuwa na kazi moja tu iliyobaki, kungoja. Alasiri muuguzi alipiga simu kutoka kituo cha afya chenye ile friji. Nilimuuliza kuhusu chanjo. Akasema, "Nafikiri iko muzuri."

"Umeangalia?"

"Ngoya."

Nilisikia viatu vyake vikienda kwenye changarawe, mlango wa chuma, kimya kirefu, kisha viatu vikirudi.

"Nimetoa chupa moja moja. Kiraba iko ya kijivu kidogo, lakini haijafanana na duara. Zote. Kesho asubuhi tunaanza."

Mkuu wangu aliniomba ripoti, nikaiandika, na nikaeleza kwamba uamuzi ulikuwa wangu. Hakufurahi, lakini hakuandika amri nyingine. Ile yangu niliirekebisha mwenyewe: penye kilio, gari lipite polepole. Mashofere wapya ninapowafundisha, nawaambia wasiogope kuniuliza kwa nini amri fulani ipo, maana wao wanaona barabara na mimi naona ramani yenye doa la mvua.

Jumatatu iliyofuata mwalimu alipanda kichuguu kama kawaida. Nilimuuliza njia, akashuka, akatazama, akarudi. Wazi. Nikamuuliza la pili.

"Na kilio? Iko kilio mahali?"

"Ngoya, Mama, nikaulizie." Alishuka tena. Alichelewa kuliko siku zote, na magari yalikuwa yamewashwa uani, mashofere wakinitazama dirishani. Niliwaonyesha mkono wangoje. Mwalimu alirudi akihema.

"Leo hapana. Lakini iko mzee moya anakohoa mubaya. Ya kesho, uniulize kesho."