Vikasha Mia Tatu vya Katoro

Mimi nina hasira za karibu. Nalisema mapema ili asije mtu akasoma nusu ya habari hii akaniita malaika. Siku za ujana wangu pale Kahama hakuna utingo, mpiga debe wala mama ntilie ambaye hakuwahi kuuonja ulimi wangu, na wengi walijifunza kunipisha.

Miaka ya tisini ilipokuwa inaelekea ukingoni, nilifanya kazi kwenye duka la vifaa vya ofisi. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapohapo mjini, Kisukuma anakiongea mpaka wazee wa mtaa wetu wa Nyahanga wanacheka kwa raha akiwaamkia "mwangaluka". Sisi tulimwita Bosi. Chumba cha mbele aliuza madaftari, kalamu na bahasha. Chumba cha nyuma, penye meza ndefu, nilikaa mimi na wembe wangu.

Kazi yangu ilikuwa makaratasi. Kadi za harusi zenye ua linalosimama ukifungua, vikasha vya zawadi, nyota za kupamba ukumbi, herufi kubwa za kubandika ukutani nyuma ya maharusi. Nilichora kwa penseli, nikakata kwa wembe, nikakunja kwa mgongo wa kijiko. Watu walitoka mpaka Ushirombo kuja kumuulizia "yule dada wa makaratasi". Ndiye mimi huyo, na kichwa kilinivimba, sikatai.

Kisha ikaja mashine.

Bosi aliletewa na ndugu yake kutoka Dubai, imeshatumika lakini nzima. Ilikuwa ndefu kama meza ya cherehani, na mahali pa sindano pana kakisu kadogo kuliko punje ya mchele. Unachora kwenye kompyuta, unabonyeza, kisu kinakimbia kushoto na kulia, karatasi inaingia inatoka, tayari imekatwa. Bosi alisema ni ya kukatia stika za mabasi na maandishi ya vioo vya maduka. Wiki mbili hazikuisha, ikawa inakata manila pia, yale makaratasi magumu ya kadi. Manila ndiyo ilikuwa kula yangu.

Pamoja na mashine akaja binti wa kuiendesha, kutoka Mwanza, amesomea kompyuta miezi sita. Mpole, jamani, mpole wa kukera. Aliniamkia shikamoo kila asubuhi ingawa nilimzidi miaka minne tu, na mimi nikaitika marahaba kama bibi kizee, makusudi, ili ajue nafasi yake. Siku moja tukinywa chai aliniambia wazazi wake walishafariki na kwamba alikulia kwa shangazi yake, anafulia nyumba nzima, anapikia nyumba nzima, na kula anakula mwisho. "Dada," akasema, "hapa Kahama ndiyo mara ya kwanza nalala chumba chenye ufunguo ninaoushika mwenyewe. Nikikosa kazi hii narudi kulekule." Nilimsikia vizuri. Hilo nalo nalisema mapema.

Bosi hakutuficha jambo. Alituita sote wawili, akavua miwani, akasema, "Duka langu dogo. Watu wawili kwa kazi moja sitaweza. Nitaangalia mpaka mwisho wa mwezi, mmoja atabaki. Sina ubaya na mtu." Akavaa miwani yake, akarudi kuuza madaftari.

Kesho yake aliniomba violezo vyangu. Nilikuwa nimevitunza kwenye boksi bapa chini ya meza, vya miaka sita, kila kimoja nimekikata na kukirekebisha mpaka kikakubali. Binti akavipima kwa rula, kimoja kimoja, akavichora upya kwenye kompyuta. Kazi ya miaka sita akaimaliza kwa siku nne. Bosi akafurahi, akaniambia, "Sasa dada, wewe utapumzika. Utakuwa unagundisha tu."

Kugundisha! Mimi! Nilitoka nje nikasimama nyuma ya duka. Nilitaka kulia, nikakataa kulia. Nikarudi, nikakoroga gundi.

Katikati ya mwezi ule akaja mnunuzi wa dhahabu kutoka Katoro, pikapu yake nyekundu kwa vumbi. Binti yake alikuwa na sendofu, sherehe ya kuagwa kwao kabla ya harusi, Jumamosi, na kila mgeni alitakiwa aondoke na kipande cha keki ndani ya kikasha cha rangi ya dhahabu. Vikasha mia tatu. Manila alikuja nayo mwenyewe, imetoka Nairobi, inang'aa mpaka unajiona uso. Bosi alikuwa ameshamwambia kwamba mashine inabana nafasi, karatasi hamsini zitatosha, kwa hiyo akaleta hamsini na mbili. "Hii ikiharibika hakuna nyingine," mnunuzi akasema. "Na shughuli ya mwanangu sitaki iwe na doa. Ijumaa saa tisa nafuata mzigo." Ilikuwa Jumatano.

Alipoondoka, Bosi akatutazama kwa zamu, mimi kisha binti. Tulielewa kwamba mtihani ndio huu.

Hapa inabidi nieleze jambo moja la karatasi. Karatasi ina nyuzi, kama mbao. Huzioni, ila zipo, zote zimelala upande mmoja. Ukikunja kwa kufuata nyuzi, manila inakubali bila kelele. Ukikunja kwa kuzikata, inagoma, inapasuka ngozi, na ile yenye rangi ya juu inaonyesha weupe wa ndani. Mtu anayekata kwa mkono anachana kipande pembeni, anakilamba, anatazama kinajikunja upande gani, basi ameshajua. Kikasha changu kilikuwa na mikunjo minne mirefu ya ubavuni, hiyo ndiyo lazima ifuate nyuzi. Mifupi ya chini inajificha, hata ikipasuka hakuna atakayeiona. Haya yote yalikuwa kichwani mwangu. Kwenye violezo hayakuandikwa, na binti alikuwa amechukua violezo tu.

Alhamisi asubuhi aliniita. "Dada, samahani, njoo uniangalizie."

Nikasogea. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na karatasi moja na vikasha sita ndani yake. Mimi kwa mkono napata vinne. Ili vitoshe sita, alikuwa amevisimamisha vinne na kuvilaza viwili. Viwili hivyo mikunjo yake mirefu ilikuwa inakata nyuzi. Nyuzi za manila ile nilishazijaribu kwa ulimi jana yake, kwa mazoea, kwa hiyo niliona palepale. Viwili kila karatasi, vikasha mia vizima vitapasuka. Na dawa yake ilikuwa rahisi: kukipunguza kikasha kidogo, vyote visimame upande mmoja. Maneno kumi tu ya mdomo wangu.

"Nimepanga vizuri?" akauliza. Macho yake yalikuwa mekundu. Nadhani hakulala.

"Mimi kompyuta siijui," nikasema. "Iulize kompyuta yako."

Akacheka kidogo, akadhani ni utani wangu wa kila siku. Akakata karatasi ya kwanza, akachomoa kikasha cha pembeni, akakikunja. Kilikuwa kimojawapo cha vile vinne vilivyosimama. Kikakunjika vizuri kabisa, kikakaa mkononi kimesimama. Bosi akapiga makofi. "Kata zote," akasema, "kata haraka kabla umeme haujatutoroka."

Nilikaa na sufuria yangu ya gundi, hatua tatu kutoka kwenye mashine, na ile sauti ya kisu, tsii, tsii, tsii, ikaniingia kwenye meno. Karatasi moja ilichukua kama dakika tatu. Katikati ya karatasi na karatasi palikuwa na ukimya mfupi, binti anatoa hii na kuweka nyingine, na kila ukimya ule ulikuwa wangu. Nikajiambia, acha zifike tano, nitasema. Zikafika tano. Nikajiambia, kumi, wallahi kumi haipiti. Nikakoroga gundi isiyohitaji kukorogwa mpaka kijiko kikawa kinagonga sufuria. Ilipofika ya kumi nikafungua mdomo, kweli nilifungua, na Bosi akachungulia mlangoni akasema, "Angalia mambo hayo! Siku nne za wembe, asubuhi moja tu!"

Nikaufunga.

Baada ya hapo sikujipangia tena idadi. Zilipofika thelathini nilijua hakuna cha kuokoa, na unajua nilihisi nini? Nafuu. Mungu anisamehe. Nilihisi nafuu kwamba uamuzi umeshapita.

Mchana tukaanza kukunja, yeye upande huu wa meza, mimi upande ule. Kikasha chake cha tatu kikalia, kra. Akakigeuza. Kwenye kila pembe ya ubavu dhahabu ilikuwa imepasuka, mstari mweupe juu mpaka chini. Akachukua kingine, kikakubali. Kingine, kra. Akawa anavitenga, anavihesabu kwa midomo bila sauti. Kisha akasimama tu.

"Dada, nimefanya nini?"

Kabla sijajibu Bosi alikuwa ameshaingia. Sijawahi kumwona mzee yule vile. Aliokota kimoja, akakitupa, akaokota kingine. "Kesho mtu wa Katoro yuko hapa! Nimweleze nini? Nani alipanga hivi?"

"Mimi, Bosi."

Akanigeukia. "Na wewe ulikuwepo. Hukuona?"

"Mimi na kompyuta wapi na wapi, Bosi?"

Binti akaniangalia. Hakukunja uso wala hakulia. Aliniangalia kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Kisha akainama akaanza kuokota vile vilivyotupwa.

Sasa sikia uungwana wangu. Kitumbua cha mwenzangu kilipokwisha kuingia mchanga, ndipo nikawa fundi. Nikamwambia Bosi asipige kelele, lipo la kufanya. Nikachukua karatasi nyeupe nyembamba, nikakata kwa wembe vipande virefu vyenye meno meno kama ukingo wa kitambaa cha kufuma, nikavibandika juu ya pembe zilizopasuka. Ukafichika ule weupe wa aibu, ukaja weupe wa pambo. Tukalazimika kuvipamba vyote mia tatu ili vifanane. Mimi nakata, yeye anabandika. Tulianza Alhamisi ileile, tukaendelea Ijumaa tangu alfajiri, na hatukusemezana zaidi ya "lete" na "chukua". Saa nane na nusu tulibandika cha mwisho.

Mnunuzi akafika saa tisa kamili. Akakigeuza kikasha kwenye kiganja chake kinene. Akacheka. "Haya mapambo meupe kayabuni nani? Sikuyaagiza, lakini yamenoga!"

Bosi akaninyooshea kidole. "Huyu dada yangu hapa."

Na mimi nikatabasamu. Mpaka leo tabasamu lile nikilikumbuka najisikia joto masikioni.

Jumamosi Bosi akanena. Binti ataondoka mwisho wa mwezi. Mimi nitakaa kwenye mashine, na yeye atanifundisha siku zilizobaki. Nitakuwa mwongo nikisema niliumia papo hapo. Nilifurahi. Nilirudi nyumbani Nyahanga kwa miguu huku naimba, nikanunua nyama nusu kilo, nikakaanga. Ilikuwa ninapoosha sufuria ndipo nilipomwona kichwani yule binti akiosha sufuria za shangazi yake, na utamu wa nyama ukaniisha.

Jumatatu alinikuta nimeshafika. "Shikamoo dada," akasema, vilevile. Nikashindwa kuitika marahaba. Nikasema, "Karibu."

Alikuwa amenunua daftari jipya, kwa hela yake, la kuniandikishia mafunzo. Akavuta viti viwili mbele ya kompyuta, akafuta vumbi kwenye kioo kwa upindo wa khanga, akakaa. Nami nikakaa. Mbele dukani Bosi alikuwa anabishana na mteja juu ya bahasha. Binti hakuwasha kitu. Aliangalia mikono yake.

"Dada, siku ile nilipokuita uangalie. Uliona?"

Ningeweza kusema sikuona. Bosi mwenyewe aliliamini jibu lile. Nilikuwa nalo tayari mdomoni, limeshazoea njia.

"Niliona," nikasema.

Nilingoja anitukane. Nilimtaka anitukane, kwa sababu matusi nayajua, ningeyajibu, tungegombana mpaka Bosi aje atuamue, labda hapo ningesema kweli mbele yake. Hakunitukana. Aliitikia kwa kichwa taratibu, mara mbili, kama mtu aliyepewa bei aliyokuwa akiitegemea. Akafungua daftari kwenye ukurasa wa kwanza, akalisukuma mbele yangu.

"Haya, shika kalamu," akasema. "Kwanza unawasha mashine, ndipo kompyuta. Usianze na kompyuta, itakusumbua. Andika, dada."

Nikaandika.