Dada yangu anataka ugavana Kwale, kahwa ya Maskati ikampangulia hotuba

Wakuu, heshima kwenu. Nawaandikia kutoka Mawaleh, Maskati, ninapolea watoto wa familia moja ya Waomani wenye asili ya Unguja. Mkisema hii ni chai, kwamba nimeitunga, nitawaelewa, lakini niliyaona kwa macho yangu na mbavu bado zinauma kwa kucheka.

Nina dada, mtoto wa mama mdogo, anaitwa Mwanahamisi. Ni muuguzi, amesoma mpaka digrii, na kwa miaka mingi amezalisha akina mama kwenye zahanati ya kijijini, mara nyingine kwa mwanga wa simu. Uchaguzi ujao anataka ugavana wa Kwale.

Alipotoka Umra akapitia kwangu.

Shabaha yake ilikuwa sisi wanawake wa Kwale tunaofanya kazi huku. Kura ya gavana hatuwezi kuipiga tukiwa huku, ila mama zetu nyumbani hawaamui jambo bila kutusikia. Bila hao akina mama, alisema, hana pa kuanzia.

Bibi, mama yake bosi wangu, akatupa sebule yake siku ya Ijumaa. Wenzangu wakaja kutoka mtaa wa Ruwi, mbele yao Riziki. Huyu alishaapa hapigi tena simu nyumbani kwa ajili ya mwanasiasa. Yule aliyempigia debe mara ya mwisho hajaonekana kijijini tangu aapishwe! Basi akakaa amekunja uso kama aliyeletwa kwa nguvu.

Mwanahamisi akasimama na hotuba yake. Bibi akamkata.

"Kaa, mwanangu. Nnakupa kahwa kwanza, maneno baadaye."

Sasa hapa ndipo penye mambo. Huku mgeni akitosheka na kahwa hukitikisa kikombe anapokirudisha. Usipotikisa, utamiminiwa tu. Dada hakujua. Kwetu kukataa cha mwenyeji ni utovu wa adabu, na yeye ni mgombea! Akawa anakunywa, anarudisha, anamiminiwa, na tende juu. Namkonyeza atikise, naye ananikonyeza.

Mdomo umejaa, hotuba imekwama. Ukimya ukawashinda wanawake, wakaanza kusema wenyewe.

Mmoja akasema alisaini mkataba wa kazi wa Kiarabu ambao hakuweza kuusoma. Mwingine, mama yake hutembea asubuhi nzima kufuata dawa za presha. Riziki naye akafunguka: mdogo wake alijifungulia njiani kwa sababu zahanati ilishafungwa jioni ile.

Dada akaacha kutafuna.

Hatimaye Bibi akamwonea huruma. "Kitikise kikombe, mwanangu, usije ukanifia hapa kwa kahwa!"

Sebule nzima ikaangua kicheko, hata Riziki.

Alipopata nafasi, dada hakuigusa tena ile hotuba.

"Nilikuja na barabara na uwanja wa mpira," akasema. "Naviweka nyuma. Kwanza zahanati zenye mkunga usiku kucha. Halafu mtu wa kuwasomea wasichana mikataba kwa Kiswahili kabla hawajapanda ndege. Na msiwaambie mama zenu wanichague. Waulizeni wanataka nini, kisha mniambie."

Riziki akamtazama weee. Akatoa simu, akampigia mama yake, akaweka spika ili wote tusikie.

"Mama, gavana akija hapo kwako, ungetaka akufanyie nini?"



"Riziki mwanangu," mama akajibu, "tangu nizaliwe hakuna aliyeniuliza hilo. Ngoja nikae chini."

Riziki akalia, dada akalia, mimi nikalia huku nacheka. Mama wa watu aliongea! Na kila mmoja sebuleni akawa anatafuta simu yake.

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba anayetaka kura zetu apewe kwanza cha kumziba mdomo. Sijui kama dada atashinda, lakini siku ile nilijivunia damu yangu.

Na wewe unayesoma, mama yako angejibu nini? Usinijibu kwa kukisia. Mpigie, umuulize, ndipo uje kuandika hapa.