Euphrasia na Laini ya Kaushik

Euphrasia Maganga alifanya kazi ya kuunganisha simu Kahama kwa miaka ishirini na miwili. Enzi hizo ukitaka kuongea na mtu wa Mwanza au Tabora, unanyanyua mkono wa simu na sauti yake ndiyo inayokupokea: "Namba gani, ndugu?" Alimtambua mtu kwa namna alivyovuta pumzi kabla ya kusema haloo. Mitambo mipya ya kujiunganisha yenyewe ilipofika, yeye na wenzake wawili walipewa cheti, saa ya ukutani na pongezi nyingi, wakaenda zao nyumbani.

Nyumbani kwake ni Nyahanga, jirani yetu kabisa, na wengi tulimwita Mama Generosa. Akaanza kukaanga maandazi barazani. Yalikuwa maandazi magumu, na sisi majirani tulijifunza kuyaloweka kwenye chai kwa subira. Tuliyanunua kwa ajili ya mazungumzo.

Mnunuzi wake wa kila siku alikuwa Paskalia, mpishi wa Kaushik, yule Mhindi aliyeuza pampu za maji na vipuri vya mashine. Wateja wa Kaushik wengi walikuwa wachimbaji wadogo wa dhahabu kutoka Kharumwa na machimbo mengine, watu ambao pampu ikifa leo, kesho shimo limejaa maji. Asubuhi moja ya mwaka 1999 Paskalia alifika barazani amenuna.

"Shikamoo, Mama Generosa."

"Marahaba. Mbona umefura hivyo?"

"Nimekatazwa kupiga pasi."

"Na nani?"

"Na intaneti."

Euphrasia akamsogezea kigoda, Paskalia akaeleza yote. Kaushik alikuwa ameleta kompyuta mbili kutoka Dar. Moja aliiweka chumba cha mbele, anakofanyia kazi, akiagiza vipuri kwa barua pepe. Ya pili ilikuwa ya binti yake Aarti, aliyekuwa amemaliza shule na alikuwa akiandikiana na vyuo vya India. Waya mmoja ulipita ukumbini kuziunganisha, na zote mbili zilitumia laini moja ya simu, kupitia kidude kiitwacho modemu ambacho hupiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia, kisha kinatulia, na barua zinaanza kuingia. Shida ni kwamba katikati ya barua kila kitu kilikatika. Baada ya dakika chache kikarudi. Siku nyingine kikakatika tena.

Fundi wa kwanza alitoka Mwanza, amevaa tai. Alikaa kutwa nzima, haikukatika hata mara moja. Akasema ni vumbi, akapuliza puliza, akaondoka. Kesho yake ikakatika. Fundi wa pili alibadilisha modemu, akakaa siku mbili, mambo shwari, akasema ni umeme wa nyumba unaoingiliana. Huyo ndiye aliyeleta balaa. Tangu siku ile ilikuwa marufuku kupiga pasi mchana, marufuku kuwasha blenda, na friji ilichomolewa saa za kazi, maziwa yakawa yanaganda chunguni. Hata Ba, mama mzazi wa Kaushik, aliambiwa moshi wa ubani unaweza kuingia ndani ya mashine. Bibi wa watu akawa anasali na ubani usiowashwa, huku akimwombea mwanawe msamaha.

"Na bado inakatika?" Euphrasia akauliza.

"Jana mara mbili."

"Lakini fundi akiwepo haikatiki."

"Fundi akiwepo inakuwa na adabu kuliko mimi."

Euphrasia akafunika ndoo ya maandazi. "Hiyo si mashine. Hiyo ni laini. Twende."

Kaushik aliwapokea mlangoni akiwa na jasho na miwani kichwani. Alimheshimu Euphrasia, ni yeye aliyemwunganishia simu siku Aarti alipozaliwa, alipotaka kuwajulisha ndugu zake wa Mwanza. Hata hivyo alisita.

"Mama Generosa, umewahi kutumia kompyuta?"

"Sijawahi kuigusa, Kaushikbhai, na leo pia siigusi. Naomba simu."

Akapewa simu. Akauweka mkono wa simu sikioni, akafumba macho, akanyoosha kidole kuwanyamazisha watu wote. Paskalia, ambaye alikuwa anakohoa, akaenda kukoholea uani. Dakika kumi nzima Euphrasia alisikiliza. Kaushik alitazama saa. Ba, aliyekuwa ameketi kwenye kochi, alimtazama Euphrasia kwa kuridhika. Hatimaye, alidhani, kuna mtu wa kusali katika nyumba hii.

"Inakwaruza," Euphrasia akasema. "Mbali kidogo, nje. Kuna mahali waya umelegea kama jino bovu. Ukiliacha halisumbui. Ukiligusa, unapiga yowe. Sasa tutafute anayeligusa."

Alimwomba Aarti achukue daftari aandike kila laini inapokatika, siku gani na saa ngapi. Aarti, ambaye alikuwa amechoka kusubiri barua za vyuo, aliifanya kazi hiyo kwa kalamu za rangi tatu. Baada ya wiki moja akalileta daftari barazani. Euphrasia alivaa miwani, akapitisha kidole chini ya mistari. Saa nne na robo asubuhi. Saa kumi na moja kasorobo jioni. Saa nne na robo. Saa kumi na moja kasorobo. Ilikuwa inakatika kwa ratiba nzuri kuliko basi la Shinyanga.

"Mafundi walipokuja, gari waliegesha wapi?"

"Kichochoroni, Mama. Kando ya nguzo ya simu, pale kwa Mabula."

Mabula alikuwa fundi baiskeli. Karakana yake ilikuwa benchi, pampu, karai la maji na msumari mkubwa alioupigilia kwenye ile nguzo ili atundike matairi. Euphrasia alipoona yale matairi akajiona amefika mwisho wa safari.

"Mabula, matairi yako yanamkatia Kaushikbhai intaneti."

"Matairi yangu?" Mabula aliinuka na bisibisi mkononi. "Yamemfuata mtu nyumbani kwake haya?"

"Unayatundika asubuhi, unayatundua jioni. Unaitikisa nguzo. Gari la fundi likiwa hapa huwezi kuyatundika."

Mabula hakubishana. Aliyaondoa, moja moja, na kila moja alilipitisha mbele ya geti la Kaushik akilitaja kwa sauti: hili la katekista, hili la mwalimu Adam, hili la muuza maziwa, yote yamefukuzwa kwa kosa la kukata intaneti. Watu walitoka majumbani. Mimi mwenyewe nilitoka.

Kesho yake, saa nne na robo, laini ikakatika.

Euphrasia alikuwa mtu wa kukubali kosa, ingawa lilimwuma. Alichukua sahani ya maandazi, akaifunika kwa kitambaa safi, akaenda kuomba radhi. Mabula alifunua kitambaa, akatazama.

"Hii ni radhi au ni adhabu nyingine?"

"Mabula, nisamehe. Nilikosea."

"Yameisha." Alichukua andazi moja, akaligonga kwenye benchi, akalirudisha. "Lakini Mama Generosa, wewe uliniuliza habari za matairi. Hukuniuliza ni nani anayeitikisa hiyo nguzo."

"Kumbe unamjua?"

"Namwona kila siku. Kaa hapo."

Basi akakaa. Hiyo ilikuwa bado asubuhi, na siku hiyo ilishakatika mara moja, kwa hiyo walingoja mpaka jioni. Aarti aliambiwa akae kwenye kompyuta karibu na dirisha, na laini ikikatika apunge kitambaa chekundu. Kaushik alijidai hana habari, lakini alisimama nyuma ya pazia.

Ilipokaribia saa kumi na moja vumbi likatimka mwisho wa kichochoro. Ng'ombe wa mzee Ngassa, mjomba wake Mabula, kama arobaini, walikuwa wanarudi kutoka lamboni. Njia yao ilikuwa hiyohiyo miaka yote. Ni siku tu gari linapoziba kichochoro ndipo huzunguka upande wa kiwanda cha pamba. Walipita kwa ustaarabu. Halafu akaja maksai mmoja mwekundu, mkubwa, pembe moja imeinama kama kofia ya mlevi. Alifika kwenye nguzo, akasimama. Akaweka bega. Akafumba macho. Akaanza kujikuna, taratibu, juu chini, juu chini, kwa raha ya mtu aliyeusubiri wakati huo tangu asubuhi. Nguzo ikayumba. Juu kabisa, kile kisanduku cha nyaya kikawa kinatikisika.

Kitambaa chekundu kikapungwa dirishani kama bendera ya vita. "Imekatika! Imekatika!"

Euphrasia alicheka mpaka akashika nguzo, na maksai akamwangalia vibaya, kana kwamba amekuta mtu kwenye zamu yake. Kaushik alitoka mbio kwa kandambili, mguu mmoja umevaa ya Ba. Alimfikia ng'ombe, akanyanyua mkono, kisha akakumbuka kwamba kwao ng'ombe hapigwi. Akabaki ameunyanyua hivyo hivyo hewani, kama anayeaga.

Mzee Ngassa alifika nyuma, fimbo mabegani. "Mwadila, mayu," akamsalimu Euphrasia kwa Kisukuma, akimwita mama. "Huyu bwana anamuaga nani?"

"Shikamoo mzee. Ng'ombe wako anakata barua za huyu bwana."

"Marahaba. Barua ziko wapi?"

"Zinapita humo kwenye waya."

Ngassa alitazama juu kwa muda mrefu. "Zina haraka gani mpaka zipite huko?"

Kaushik alijaribu kueleza habari za pampu na vipuri, Ngassa akasikiliza kwa heshima, kisha akasema hana ubaya, ila nguzo ndiyo iliyowakuta ng'ombe hapo, siyo ng'ombe walioikuta nguzo, na maksai akiwashwa hawezi kujikuna kwa mkono.

Kaushik aliagiza miiba izungushwe kwenye nguzo. Lilikuwa kosa. Maksai aliijaribu ile miiba asubuhi iliyofuata, akagundua kwamba inakuna vizuri zaidi, na siku hiyo laini ilikatika dakika ishirini. Mabula akashauri maksai achimbiwe nguzo yake mwenyewe. Ikachimbwa, gogo zuri la mti mgumu, hatua sita kutoka ile ya simu. Ng'ombe wengine waliipenda, wakapanga foleni. Maksai mwekundu aliinusa tu, akaenda kwenye ile ya simu.

Ndipo Euphrasia, bila kumwuliza mtu, alipomkaribia yule mnyama akafunua sikio lake. Ndani kulikuwa na kupe waliobanana kama punje kwenye hindi. Shingoni vilevile, na chini ya bega.

"Mzee Ngassa, huyu haogeshwi?"

"Josho lilikauka mwaka wa tatu huu, mayu. Dawa haiji."

Euphrasia akamgeukia Kaushik. "Umemsikia. Fundi wa modemu ulishamwita. Sasa ita dawa ya kupe."

Jumamosi ile hakuna aliyefanya kazi nyingine Nyahanga. Dawa ilipatikana Shinyanga, mabomba ya kunyunyizia yaliazimwa kwa wakulima wa pamba, na ng'ombe arobaini wa Ngassa waliogeshwa kichochoroni mmoja mmoja, Mabula akishika pembe, Kaushik akipampu, nusu ya dawa ikimwishia mwenyewe kwenye suruali. Ba alitoka nje kwa mara ya kwanza tangu mvua za masika. Alimpaka maksai mwekundu alama nyekundu kwenye paji la uso, akamlisha sukari guru kwenye kiganja, akizungumza naye Kigujarati. Ngassa alimtazama, akavua kofia.

Ilibaki jino bovu lenyewe. Euphrasia alinyanyua simu ya Kaushik, akapigia ofisi yake ya zamani ya simu kwa ile sauti yake ya kazini, na nasikia kijana aliyepokea alisimama wima bila kujijua. Fundi wa laini alikuja siku ya tatu, akapanda, akakaza skurubu mbili kwenye kisanduku, akashuka. Kazi ya juu ilichukua muda mfupi kuliko kazi ya kumweleza kwa nini nguzo inanuka dawa ya ng'ombe.

Tangu hapo laini ilitulia. Pasi ikaruhusiwa, friji ikachomekwa, ubani ukawashwa mpaka nyumba ikajaa moshi. Kaushik aliendelea kununua dawa ya kupe kila mwezi. Kwa wageni alisema ni sehemu ya matengenezo ya kompyuta, na wageni walicheka, wakidhani anatania. Sukari guru nayo ilileta neno lake, kwa kuwa maksai sasa aliiacha nguzo na kusimama getini, na wateja wa pampu walilazimika kungoja Ba amalize mazungumzo naye.

Watu wenye simu za kukwaruza walianza kufika barazani kwa Euphrasia. Aliweka kiti cha pili. Maandazi aliyaachia Paskalia ayakande kabla ya kwenda kazini, na hapo ndipo sisi tuliponusurika.

Aarti alipata chuo Pune. Barua yake ya kwanza ilifika kwa waya mwezi wa tisa, na Kaushik akamwita Euphrasia aje ajibu salamu alizotumiwa. Alikaa mbele ya kioo cha kompyuta, mikono mapajani, hataki kugusa kitu. Kaushik akapiga chapa. Euphrasia akawa anasema kwa sauti kubwa, kwa kuwa Pune ni mbali.

"Mwambie bibi yake mzima. Mwambie Mabula ameoa. Mahari imetoka kwa mjomba wake Ngassa, na yule maksai mwekundu amekwenda nayo, yuko Runzewe kwa wakwe. Mwambie nimeuliza, wakwe wenyewe hawana simu."

Kaushik aliandika yote, akabonyeza, na wote wawili wakakaa kuitazama ikiondoka.