Gimbi Alilonipa Mama Mkwe Linamuumiza Paka Wake, Analaumiwa Jirani

Jumapili, tarehe 12. Asubuhi ukungu mlimani, manyunyu huku Bigwa.

Admin, nifichie jina. Nimezoea kuandika shajara yangu kwa tarehe, lakini ya leo imenishinda kuifunga peke yangu.

Nina miaka 34, nimeolewa. Mwaka jana mama mkwe alishuka kutoka Uluguruni kuja kuishi nasi, magoti yamemshinda. Alikuja na paka wake na mbegu ya gimbi kutoka shamba la ukoo. Kwa Waluguru shamba hurithiwa na mabinti, naye hakujaliwa binti. Akanikabidhi mbegu mbele ya mume wangu: "Hii ilikuwa ya mama yangu. Sasa ni yako, mwanangu." Nililia. Nikaipanda kwenye ndoo, nikaiweka sebuleni dirishani. Ikatoa majani mapana kama sinia, wageni wakinicheka, "Mwenzetu unapambia chakula!"

Mwezi uliopita paka akaanza kutokwa udenda, anajikwangua mdomo, dagaa hataki. Mama mkwe akasema kalishwa sumu na Mama Zuhura (si jina lake), jirani yetu na rafiki yangu, kwa sababu aliwahi kutania: "Paka huyu akiniibia samaki tena, namgeuza mshikaki!"

Nikapekua shajara. Udenda siku nne, na siku zote nne niliandika kwamba jani limetafunwa. Bwana mifugo akanieleza kuwa gimbi bichi huwasha mdomo na koo, lisiwekwe paka au mbwa anapofikia.

Nikajaribu. "Mama, labda ni yale majani."

"Gimbi? Mumeo kakua kwa gimbi! Unasema nimekuletea sumu?"

"Hapana mama, ila hata sisi hatuli bichi."

Akalia. Nikalihamishia uani, akalirudisha mwenyewe, akijikongoja na ndoo. "Mbegu ya ukoo hailali nje." Mume wangu anasema niache, nitamuua mama kwa huzuni.

Leo Mama Zuhura kanisimamisha getini. "Shoga, hata wewe unaamini?" Nikatazama viatu vyangu. Nikamjibu, "Tuyaache."

Kesho saa tatu asubuhi mama mkwe kamwita mjumbe wa nyumba kumi, Mama Zuhura ashtakiwe mbele ya majirani. Na mimi ndiye nitakayepanga viti. Ndugu zangu, niseme nini pale bila kumrudishia mama zawadi yake kama sumu? Nipeni hata sentensi moja.

Paka kalala kando ya ndoo. Nazima taa, saa nane na robo usiku.