Unga wa Upande Mmoja

Mpaka leo nikisikia mtu anasema mradi fulani "umefaulu" au "umeshindwa", kichwa huanza kuniuma hapo hapo. Niulizeni mimi. Miaka ile ya utawala wa wanajeshi nilizunguka Kibuli na Ntinda, vilima viwili vya mji wetu, na mizani begani, nikining'iniza watoto wa watu kwenye boriti za milango, ili serikali ijue kama unga wake unafanya kazi.

Unga wenyewe ulikuwa mzuri, tusiukosee adabu. Mahindi, soya na maziwa ya unga, vimechanganywa kwa ajili ya watoto wadogo. Maduka yalikuwa matupu, sukari tukiisikia kwa jina tu, na watoto walikuwa wameanza kuvimba miguu. Daktari aliyeanzisha mradi alitupanga hivi: Kibuli wapewe unga, Ntinda wasipewe, na sisi tupime watoto wa pande zote mbili kila mwezi. Mwaka ukiisha, watoto wa Kibuli wakiwa wamewazidi wa Ntinda, basi unga unafaa na utagawiwa kote. Wakiwa sawa, haufai, usimamishwe. Tukaandika kwenye madaftari yetu. Kabla mwaka haujaisha daktari mwenyewe akavuka mpaka na mkewe na sanduku moja, na kiti chake akakalia afande ambaye nadhani hajawahi kubeba mtoto anayelia.

Mimi nilikaa Kibuli kwa mama yangu pamoja na mwanangu, kwa hiyo unga tulipata. Mdogo wangu alikuwa ameolewa na polisi kutoka kaskazini, wakikaa Ntinda na binti yao wa mwaka mmoja. Nilipompima yule mtoto mara ya kwanza, ile suruali ya kumning'inizia mtoto kwenye mizani ilimpwaya kabisa. Mdogo wangu akaniuliza, "Dada, na sisi tutapewa lini?" Nikamwambia avumilie, mwaka ukiisha. Niliona aibu hata kumtazama usoni.

Halafu yule mtoto akanenepa. Nilifurahi, nisiseme uongo. Lakini mwezi uliofuata watoto wa jirani zake nao wakanenepa. Nikadhani mizani imeharibika. Nikaijaribu kwa jiwe nililojua uzito wake, mizani nzima! Ikaingia Ramadhani, mdogo wangu akanialika kufuturu. Nilipoonja uji wake tu, nikaweka kikombe chini. Ladha ile Kibuli nzima tuliijua.

"Unga huu umeupata wapi?"

"Kwa mama. Huniletea kila Ijumaa. Kwani hukujua?"

Mama yangu, ambaye magoti yake hayamruhusu kufika hata sokoni bila kulalamika, alikuwa anatembea kutoka Kibuli hadi Ntinda, unga ameuficha chini ya ndizi kikapuni, anawapita askari wa kizuizini na kuwaamkia vizuri. Wala hakuwa peke yake. Nusu ya kina mama wa mtaa wetu walikuwa na binti Ntinda, au wifi, au mtu tu waliyewahi kupanga naye nyumba moja.

Nilirudi nyumbani ninawaka.

"Mama, ule unga ni wa watoto wa Kibuli!"

"Na yule wa Ntinda ni mtoto wa wapi?"

"Mnaharibu kipimo! Tukionekana sawa watausimamisha, na wote watakosa!"

"We mtoto, shule imekupoteza. Nikae hapa nimshibishe mwanao, mwenzake ana njaa, kwa sababu karatasi yako imesema hivyo? Hebu nipishe nikasali Isha."

Maneno yale yananiudhi mpaka leo. Daktari na elimu yake yote alichora mstari kati ya vilima viwili bila kuuliza nani ameolewa wapi. Lakini yeye alikuwa mgeni. Mimi niliyezaliwa hapa, niliyepeleka sahani za futari nyumba za watu tangu sijaota meno ya ukubwani, nilikaa darasani nikaandika tu, sikunyoosha mkono. Lahaula! Ujinga ule siwezi kumsukumia mtu mwingine.

Mwaka ukaisha. Afande akaziweka karatasi mezani, safu ya Kibuli na safu ya Ntinda.

"Tofauti iko wapi?"

"Afande, wote wameongezeka tangu tulipoanza."

"Mtoto iko nakua tu, mama. Hata mbuzi nakua."

Kilichonikera zaidi ni kwamba hakusema ujinga. Daktari alitufundisha vivyo hivyo. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, kwamba wamegawana, lakini kuhamisha mali ya serikali kwa siri kuliitwa magendo. Jirani yetu mwenye duka alikutwa na sukari nyuma ya pazia, akapakiwa kwenye gari, na hatukumwona tena. Kusema kweli kungekuwa kumkabidhi mama yangu na kikapu chake. Nikamwomba tupime sehemu ya tatu, mbali, ambako hawajuani na mtu yeyote wa Kibuli.

"Petroli utatoa wewe?" akauliza, na kalamu tayari ilikuwa mkononi.

Aliandika kwamba unga hauna faida. Magunia yaliyobaki yakaondoka kwa lori la jeshi. Ijumaa ile mama alikaa kizingitini na kikapu kitupu, na mimi niliona afadhali angenitukana.

Ajabu ni kwamba kupima hakukusimamishwa. Unga umekwisha, karatasi zinaendelea, jamani! Basi nikaendelea kuzunguka na mizani yangu. Mwanangu akaanza kuonyesha mbavu. Kule Ntinda suruali ikampwaya tena yule binti, na nilipomning'iniza hakulia. Mtoto anayelia mizanini simwogopi, namwogopa aliyenyamaza. Wiki hiyo hiyo tulimlaza hospitali ya Mulago, na mama akatandika mkeka chini ya kitanda chake, akakataa kutoka.

Siku ya kupeleka karatasi nilipitia Mulago kwanza. Mtoto alikuwa hafungui macho. Nikaenda ofisini nikiwa na hasira ya kunitosha, nikijisemea kwamba leo atakubali, apende asipende, maana tangu unga uondoke mtoto hata mmoja hakuongezeka, si wa Kibuli, si wa Ntinda. Nikazitandaza karatasi mbele yake.

Afande akaweka kidole kimoja juu ya safu ya Kibuli na kingine juu ya safu ya Ntinda, akavishusha pamoja polepole mpaka chini ya ukurasa. Akatabasamu.

"Unaona, mama? Bado hakuna tofauti."