Jani Juu ya Ndoo

Juzi nilikuwa kwenye steshenari moja pale Nyamiaga, kuchapisha ratiba ya sala za jumuiya yetu. Mwenye duka, baba wa watoto wawili aliyejifunza kuchora kwa kompyuta kupitia video za simu, alikuwa anahangaika na picha yake inayotembea: mwanamke na ndoo ya maji kichwani. Kila hatua maji yaliruka ovyo.

"Miezi minne, maji yanakataa kuwa maji," alisema. "Leo nafuta yote."

"Futa basi, unichapie," nikamjibu. Mungu anisamehe, nilikuwa na haraka.

Nyuma yangu alikuwepo mama mmoja aliyeleta cheti cha mtoto kutoa kopi. Akaielekezea skrini kidevu.

"Huyo anatoka mtoni?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona hana jani? Nani anabeba ndoo imejaa bila jani juu? Wanaume nyie, hamjawahi kuteka maji!"

Tulicheka wote. Jamaa akachora jani pana, akaliweka lielee ndooni. Tukasubiri kompyuta ifikiri. Mwanamke akatembea tena. Jani likapanda, likashuka, na maji yakatulia, yakimeta pembeni tu. Yule mama akanyoosha mikono yote miwili kwenye skrini, kama anayemtua mwenzake mzigo.

Jamaa hakufuta kitu. Ratiba yangu ilichapwa mwisho, na sikunung'unika. Miaka yote nyumbani nimekuta jani kwenye ndoo, nikalitoa, nikalitupa, nikanywa. Sikuwahi kumuuliza mke wangu limefuata nini.