Watu wa Loveness

Roho ilimuuma Melania, na tuseme kweli, ilimuuma kila jioni. Alisimama mlangoni pa kibanda chake cha video pale Rwamgasa, mikono kiunoni, akitazama watu wanavyopita mbele yake na kuingia kwa Loveness, ng'ambo ya barabara. Vijana wa karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, weupe kwa vumbi. Mama lishe. Hata wanunuzi wa dhahabu, watu wazima na matumbo yao! Wote kwa Loveness, kabinti kalikokuja juzi tu kutoka Shinyanga mjini.

Na wanaangalia nini? Ile tamthilia ya kigeni ya tajiri aliyefufuka. Amekufa, amezikwa, amerudi, mkewe kapoteza kumbukumbu, pacha kajitokeza, na mtafsiri anapayuka juu yake kama yuko mnadani. Takataka tupu!

Melania alikuwa anaonyesha tamthilia ya kwetu, ya familia inayogombania shamba la pamba baada ya baba kufa. Mle watu wanazungumza kama watu. Kuna mahali mama mjane anakunja mashati ya marehemu, na Melania kila akipaona anajifuta macho. Lakini waliokuja kuiangalia walikuwa wachache wa kuhesabika, na mmoja wao alifuata kuchaji simu.

"Watu kuwa wengi siyo uzuri!" alimfokea Marwa, fundi jenereta. "Jalalani nzi wamejaa. Utaniambia jalala ni tamu? Mimi nataka watu waone kitu kizuri, basi."

Marwa akacheka. "Lakini Mama Donatus, si wewe unayetusimulia habari za baba yako kila siku?"

Hapo alimpata. Baba yake, mzee Ngassa, alikuwa manju wa ngoma, na ngoma za Kisukuma hushindana uwanja mmoja, wakati mmoja, kikundi cha Bagika huku na cha Bagalu kule. Hakuna majaji. Watu wanahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na mwenye watu wengi ndiye mshindi. Mzee Ngassa aliwakomba watu wote wa upande wa pili, na Melania hakuchoka kujisifia hilo.

"Baba alijaza watu kwa sababu alikuwa anajua!"

"Na Loveness?"

"Huyo ana samba!"

Samba ni ile dawa ya kuvuta watu ngomani, na Melania alilitamka neno hilo kwa sauti ambayo barabara nzima ilisikia. Loveness akatoka kwake, akavuka, akasimama kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Mimi dawa sina."

"Marahaba. Kama huna, Jumapili tukutane! Muda mmoja, spika kwa spika, kama ngoma. Tuone uwanja ni wa nani."

Hebu mtazame mwanamke huyu! Kipimo alichokikataa sasa hivi tu, kakidaka mwenyewe kwa mikono miwili. Hasira bwana.

Jumapili baada ya ibada wakafungulia. Kwa Loveness watu walijaa mpaka madirishani. Kwa Melania aliingia wifi yake na mtoto mgongoni. Melania alijifanya anapangusa viti, machozi yako karibu. Mara jenereta ya ng'ambo ikakohoa, ikazima. Watu wakamiminika kwake mbio, wakabanana kwenye mabenchi, wengine wakakaa chini.

"Haya! Mmeona?" Melania akapiga kigelegele. "Uwanja wa nani sasa?"

Furaha haikudumu. "Mama, mbona hawapigani?" akauliza mmoja. "Tajiri yuko wapi?" akasema mwingine. Mjane alipoanza kukunja mashati, kijana wa karasha akapiga miayo, akatoka, na wenzake wakamfuata kwenda kumzunguka Marwa aliyekuwa anafungua jenereta. Wifi naye akaaga.

Akabaki mtu mmoja kwenye benchi la mbele, analia kimyakimya. Alikuwa Loveness. Alikaa hadi mwisho.

"Mama, hii ndiyo tamthilia," alisema, akijifuta kwa khanga. "Ile yangu mimi mwenyewe siiangalii. Naiwasha, naenda zangu kupika."

Ungedhani Melania angefurahi. Wapi! Wivu ulimpanda upya, mkali kuliko wa mwanzo. Kumbe hata jicho la kujua kizuri analo!

"Niazime flashi," Loveness akaendelea. "Kesho nawawekea hii kabla ya tajiri. Nikiwaambia mimi wakae, watakaa. Wataizoea, wataipenda."

Nikiwaambia mimi. Melania aliwaona kabisa: kibanda cha ng'ambo kimejaa, wanaume wazima wanafuta macho, wanasema Loveness katuletea kitu.

"Flashi mbovu," akasema.

"Si imetoka kucheza sasa hivi?"

"Ndiyo imekufa hapo hapo."

Akaichomoa, akaisokomeza kifuani. Loveness alimtazama kidogo, akasema, "Pole, mama," akaondoka.

Ng'ambo jenereta ikanguruma, watu wakashangilia. Melania alijua alichofanya. Aliona afadhali isiangaliwe na mtu hata mmoja kuliko ipendwe kwa Loveness. Aibu ikamshika, akatamani kumwita binti yule kabla hajavuka barabara. Badala yake akaisukuma flashi ndani zaidi.